Albamu Saba na Kuku wa Mzee Komba

Wadogo zangu wa maktaba ya muziki, mmeniomba niwaachie maandishi kuhusu kazi kabla sijasahau. Nadhani mlitarajia mwongozo. Mwongozo upo kwenye droo ya pili, haujafunguliwa tangu uchapwe, na sioni sababu ya kuuzalia mdogo wake. Badala yake nitawaeleza jinsi nilivyozipoteza albamu saba za bendi moja, na jinsi nilivyohangaika kuzirudisha kabla ya kustaafu. Vyeo sitavigusa kwa sababu nilipata kimoja tu, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilikuja hapa redioni, Kinondoni, nikiwa kijana wa Kipare niliyetoka Same na cheti cha ukarani na sauti ambayo mama yangu aliisifu sana. Nilijua kabisa kwamba nimeajiriwa kutangaza, na siku ya kwanza nikavaa tai. Mlinzi akanipeleka mpaka mlango wa studio, tukaupita, tukapita jiko la chai, tukapita choo, akanifikisha kwenye chumba kisicho na dirisha chenye rafu kutoka sakafuni hadi darini. Katikati alikaa mama mmoja mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Huyo alikuwa Bi Mgeni, mkuu wa maktaba, mwenyeji wa Temeke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete mikono."

Nikampa. Akaigeuzageuza kama anayenunua samaki.

"Umekula nini asubuhi?"

"Chapati."

"Kanawe."

Nikaenda kunawa. Niliporudi akanusa vidole, akasema, "Kanawe tena." Siku hiyo nilinawa mara nne na sikugusa kitu chochote. Tai niliiweka mfukoni kabla ya saa sita mchana, na haikutoka tena mpaka nilipooa.

Ndivyo alivyonifundisha kazi, amri moja moja, bila maelezo. CD inashikwa pembeni, kidole kimoja kwenye tundu la katikati. Inafutwa kwa kipande cha kanga kilichofuliwa mpaka maneno yake hayasomeki, maana kanga mpya inakwaruza. Unafuta kutoka katikati kwenda nje, moja kwa moja, wala huzungushi. Mimi nikazungusha, akanichapa kofi la mkono. Miaka mingi baadaye nilisoma mahali sababu yake: mkwaruzo unaokatiza njia ya muziki mashine inaweza kuuruka, lakini unaoifuata njia hiyo unameza wimbo mzima. Bi Mgeni hakuwa amesoma popote. Aliwahi kuharibu moja, akajifunza.

Halafu kulikuwa na kitabu cheusi. Kila kilichoingia maktaba kiliandikwa humo kwa mkono: jina, siku kilipopokelewa, waimbaji, na kitu alichokiita namba ya tumboni. Hiyo ni namba ndogo iliyochongwa kwenye duara la ndani la CD, karibu na tundu, na ili uisome lazima uilaze CD kwenye mwanga, uinamishe shingo na ufumbe jicho moja. Nilimuuliza ina kazi gani wakati jina limeandikwa kubwa juu.

"Jina ni wino tu, Eliakimu," akasema. "Wino unatoka. Andika."

Nikaandika namba za tumboni mpaka shingo ikakaa upande, nikinung'unika kimoyomoyo. Sheria nyingine ilikuwa kwamba kitabu kile anaandika mtunza maktaba peke yake. Si meneja, si mtangazaji, si waziri akija kutembea.

Katika rafu zote hizo kulikuwa na kona aliyoipenda kuliko nyingine, kona ya muziki wa dansi. Pilipili Manga ilikuwa bendi ya hukohuko kwao Temeke, bendi ya kumbi za starehe mwisho wa wiki na harusi katikati ya wiki, yenye magitaa matatu na kinanda kimoja kilichokuwa kinazimika chenyewe. Walitoa albamu saba, kisha wakavunjika kwa ugomvi wa sare: nusu walitaka mashati ya bluu, nusu ya njano, na hakuna aliyekuwa tayari kuvaa kijani. Miaka baadaye kiongozi wao alizihamishia kwenye CD, akatuletea zote saba kwa mkono wake, zimefungwa kwenye gazeti. Bi Mgeni aliziandika kitabuni kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote. Kwenye albamu ya tano, safu ya waimbaji, aliandika majina manne halafu akaacha nafasi wazi inayotosha jina moja. Kwake yeye nafasi wazi kitabuni ilikuwa dhambi, kwa hiyo nilidhani uzee umeanza kumnyemelea, nikanyamaza kwa heshima.

Alipostaafu tulifanya makabidhiano kwa siku mbili. Yeye anasoma mstari, mimi nagusa kitu chenyewe na kusema "kipo". Tulipofika Pilipili Manga akavua miwani yote miwili.

"Siku yako ya kuondoka ikifika, nami nikiwa hai, niite nishuhudie. Nakuachia saba. Nataka nizikute saba, na sauti yao ileile."

"Utazikuta, Bi Mgeni."

Nikasaini. Saini yangu ile ipo mpaka leo, ndefu, ina mkia, saini ya mtu asiyejua anachokisaini.

Baadaye zikaja kompyuta, na meneja wa wakati ule akaniagiza niingize maktaba nzima kwenye moja. Sehemu yake ya kuwekea CD ilikuwa imekufa kwa vumbi, kwa hiyo nilicheza kila CD kwenye redio ya pembeni, nikapitisha sauti kwa waya, na kompyuta ikarekodi. Kisha nikaibana iwe MP3. Nyie mliozaliwa na simu mkononi labda hamjawahi kujiuliza MP3 inafanya nini. Inapita ndani ya wimbo kama mpangaji anayehamia chumba kidogo, ikiangalia kipi kinaweza kuachwa. Kinachoonekana hakina umuhimu kwa sikio kinatupwa, na faili linakuwa dogo. Yapo mafaili ya sauti kamili, yale ambayo mafundi wetu wanayaita flaki, ambayo hayatupi hata chembe, lakini hayo ni makubwa. Mimi nilichagua kubana, na nikabana mpaka mwisho, ili vyote vienee. Vilienea. Matoazi yakawa yanasikika kama samaki anayekaangwa, ila vilienea.

Kulikuwa na kasoro nyingine ndogo. Kila printa ya utawala ilipoishiwa karatasi, kompyuta yangu ililia "ting", na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inarekodi, ile ting iliingia ndani ya wimbo. Niliisikia. Nikajiambia hakuna atakayeitambua.

Meneja alifurahi, akasema basi zile rafu zitoke, panahitajika chumba cha mikutano. Nikatoa maboksi kwenye korido, anayetaka achukue. Mzee Komba, dereva wetu, Mngoni mwenye mabanda ya kuku kule Chamazi, akasimama juu ya boksi la kona ile aliyoipenda Bi Mgeni.

"Zinang'aa?" akauliza.

"Zinang'aa."

Hakuuliza nani kaimba. Alikuwa anasumbuliwa na kunguru wanaobeba vifaranga, na alikuwa amesikia kwamba kunguru anaogopa kitu kinachomeremeta. Akapakia boksi, na mimi nikamsaidia kulibeba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi mpaka leo: nilimsaidia kulibeba.

Miaka ikapita. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu kwangu, kipindi chetu cha muziki wa zamani kilimwalika Bi Mgeni studio. Alipomaliza akaja maktaba, chumba kilekile ambacho hakikuwahi kufanyiwa mkutano, amezeeka, anatembelea mkongojo, ameshikwa mkono na mjukuu wake Zuhura, binti anayesoma chuo na kukaa hosteli za Mabibo. Akatazama kuta tupu.

"CD zangu ziko wapi?"

"Zimehifadhiwa, Bi Mgeni."

"Wapi?"

"Sehemu moja yenye hewa nzuri."

Mungu ananiona, hapo sikudanganya.

"Hebu niwekee Pilipili Manga. Albamu ya tano, wimbo wa sita."

Nikaweka ile MP3. Akasogeza kiti karibu na spika ya kulia, akainamisha sikio. Kiitikio kikaja, kikapita. Akaniashiria nirudishe. Nikarudisha mara tatu, na kila mara uso wake ulizidi kushuka.

"Siko," akasema.

"Nani hayuko?"

"Mie."

Zuhura akaniinamia, akanong'ona kwa sauti ambayo hata mlinzi getini angeisikia, "Bibi huwa anasemaga aliimba kwenye bendi, anko. Sie tunamwachaga tu."

"Nimekusikia," Bi Mgeni akasema. "Na niliimba. Siku ya kurekodi mie nilikwenda kuchukua orodha ya nyimbo tu, niiandike kitabuni. Mwitikiaji wao mmoja ana homa, hajaja. Wakaniambia, Mgeni, simama kule kulia, mwisho kabisa, itikia hiki kiitikio kimoja. Nikaitikia. Baba yangu angejua ningekiona cha moto, ndiyo maana jina halikuwekwa. Lakini sauti ilikuwamo. Nimeisikiliza humu humu chumbani miaka yote, wewe ukiwa unanung'unikia namba zako." Akaigeukia kompyuta. "Hii imenitoa."

Nilielewa hapohapo. Mashine ilipita ndani ya wimbo, ikakuta sauti hafifu ya mwanamke kwa mbali upande wa kulia, ikaona haina umuhimu, ikaitupa. Na aliyeipa ruhusa ni mimi, niliyefundishwa na mwanamke huyo kushika CD. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mtu mwungwana angekiri pale pale. Mimi nikasema, "Hii ni kopi ya kazi tu, Bi Mgeni. Siku ya makabidhiano utaisikia yenyewe."

"Mbele ya huyu?" akamwonyesha Zuhura kwa mkongojo.

"Mbele yake."

Kwa hiyo nilikuwa na mwaka mmoja wa kutafuta albamu saba za Pilipili Manga, sauti kamili, ambazo nilikuwa nimezigawa kwa kuku. Kwa Komba sikuthubutu kwenda kwanza. Niliona ni rahisi zaidi kuzunguka jiji zima kuliko kwenda kuangalia nilichokifanya.

Fundi mitambo wetu akaniambia kuna daktari wa meno Mbezi Beach anayekusanya bendi za zamani katika flaki tupu. Nikaenda. Aliponifungulia mlango alinong'ona, nami nikanong'ona, nikidhani ndani kuna mgonjwa. Kumbe ndivyo anavyoongea nyumbani, kuyatunza masikio. Chumba cha muziki kilikuwa na mazulia ukutani, na spika mbili zilizonizidi kimo. Alinipa juisi bila barafu, akaniomba radhi: barafu inagonga glasi.

"Pilipili Manga ninazo zote saba, mzee wangu," akanong'ona. "Sauti kamili. Utasikia mpaka hewa ya studio."

Akanionyesha ukubwa wa mafaili. Yalikuwa makubwa kweli. Moja tu lingejaza kompyuta yetu ya kwanza. Roho yangu ikatulia. Akafungua albamu ya tatu, wimbo wa pili, akafumba macho. Nikafumba yangu. Gitaa likaingia, ngoma zikaingia, halafu, katikati ya ubeti, ting.

Nikafumbua macho.

"Umeisikia?" Daktari akauliza, bado amefumba.

"Nimeisikia."

"Pembetatu. Ile ya chuma. Jamaa alikuwa na adabu ya ajabu. Anagusa mara moja, ananyamaza ubeti mzima, halafu mwishoni anaachia tatu mfululizo. Siku hizi hawapo wapigaji wa namna hiyo."

Mwishoni zikaja tatu mfululizo. Siku ile utawala walikuwa wanachapa barua za likizo.

MP3 zangu zilikuwa zimetoka hapa kwa flashi, zikapita kwenye simu za watu, zikaingia mtandaoni, na huko mjuaji mmoja akazigeuza kuwa mafaili makubwa na kuziita sauti kamili. Kilichokwisha kutupwa hakirudi kwa kuongezewa nafasi. Ukimimina kikombe cha chai kwenye ndoo, bado una kikombe cha chai. Sikumwambia Daktari, maana alikuwa anatabasamu na mimi nilikuwa nimeshakunywa juisi yake. Daktari, maandishi haya yakikufikia, ile si pembetatu. Nisamehe.

Wa pili alikuwa Bwana Seif, mwenye duka Temeke. Babu yake alitoka Arabuni na kufungua duka hapohapo, baba yake akauza santuri, yeye akauza kanda na CD, na sasa anauza mapazia. Lakini nyuma ya mapazia lipo kabati la kioo, na ndani yake nikaziona Pilipili Manga, safi kabisa.

"Haziuzwi," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Naomba kunakili tu, Bwana Seif."

"Kunakili ruksa. Ila hapa hapa dukani, na unasikiliza mwanzo hadi mwisho. Muziki haurukwi."

Nikamweleza kwamba kompyuta inanakili CD nzima kwa dakika chache, bila mtu yeyote kusikiliza.

"Ndiyo iliyowaharibu hiyo," akasema.

Basi nilikaa katikati ya mapazia, albamu moja kwa siku, kompyuta ndogo magotini, nikisikiliza. Niwaambie ukweli: nilikuwa nimeitunza bendi ile miaka yote hiyo na sikuwahi kuisikiliza. Siku ya tatu nilijikuta nalia kwa gitaa la utangulizi tu, mteja mmoja akadhani nimeona bei za mapazia. Wateja walizoea kuniuliza mimi. Niliuza mapazia matatu ya dirisha na moja la mlango, na Bwana Seif akasema ninayo nyota ya biashara.

Siku ya sita kabati likaisha. Zilikuwa sita.

"Na ya tano?"

"Ya tano iliazimwa kwa harusi, Mtoni," akasema, akipangusa kioo. "Ndoa imeshavunjika, CD haijarudi."

Nikawa sina pa kukimbilia. Jumamosi nikaenda Chamazi.

Mzee Komba anakaa nyuma ya uwanja wa mpira, na analalamika kwamba siku ya mechi likifungwa goli kuku wanasahau kutaga. Alinipokea kwa kicheko. "Mpare! Umefuata nini, kesi?" Wapare tunasifiwa kwa kesi; nikamwambia safari hii nimefuata CD. Akanishika mkono kwa fahari, akanipeleka uani, akanionyesha juu.

Zilikuwa zaidi ya mia, zimefungwa kwa kamba kupitia tundu la katikati, zinaning'inia kwenye nyaya kutoka banda hadi banda, zinayumba na kumeremeta juu ya vifaranga waliokuwa wanadonoa kwa amani. Ilikuwa maktaba yangu yote ya muziki wa dansi. Jua lilikuwa limekula kila jina, na upande wa juu zote zimekuwa nyeupe kama sahani.

"Tangu nizitundike," Komba akasema, "kunguru wamehama kata."

Nilisimama pale nikaona nimekwisha. Halafu nikakumbuka. Kabla ya kuja nilikuwa nimenakili mstari wa albamu ya tano kutoka kitabu cheusi, mstari wote, kwa mazoea tu, na mwishoni mwa mstari ilikuwapo namba ya tumboni. Jua linakula wino. Kilichochongwa halikigusi.

Nikavua viatu, nikapanda kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaanza. Unalaza CD kwenye mwanga, unainamisha shingo, unafumba jicho moja. Kuku walinizunguka, jogoo mmoja akanitilia mashaka na kunidonoa kisigino. Komba alikuwa chini ananisomea namba kutoka kwenye karatasi kwa sauti ya kutangaza taarifa ya habari, sauti nzuri kuliko yangu, nasikitika kusema. Ilikuwa ya themanini na kitu. Imechafuka kwa mavi ya kuku, imekwaruzwa na waya, lakini namba ilikuwa yenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Niliibusu. Msiulize ladha.

"Hiyo haitoki," Komba akasema. "Hapo ndipo kunguru wanapoingilia."

Nilijua mapema kwamba atasema hivyo. Nilikuwa nimekuja na boksi la CD za nasaha za meneja wetu wa zamani, alizojirekodi mwenyewe kuhusu kutunza muda, tukapewa bure na tukazisahau ofisini wote.

"Zinang'aa?" Komba akauliza.

"Zinang'aa."

Nimesikia kunguru hawajarudi mpaka leo. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa zile nasaha.

Kuisafisha niliifanya hapa ofisini, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na kipande cha kanga cha Bi Mgeni mwenyewe nilichokikuta chini ya droo. Kutoka katikati kwenda nje. Mikwaruzo nikaipaka dawa ya meno nyeupe, ile ya kawaida isiyo na rangi rangi, nikasugua taratibu, nikasuuza. Mingi ilikuwa inakatiza njia, haiifuati, kwa kuwa upepo uliigongesha CD kwenye waya badala ya kuizungusha. Halafu nikaiweka kwenye mashine inayosoma kila kipande mara kadhaa mpaka majibu yalingane, na yasipolingana inakataa kukudanganya. Nyimbo tano za kwanza zilipita kabla ya chai ya saa nne. Wa sita ukakwama.

Nikaitoa CD, nikasugua, nikarudisha. Ukakwama palepale, kwenye kiitikio. Nikasugua tena. Mchana nilikataa kwenda kula, nikakaa nautazama ule mstari wa kijani kwenye kioo ukisogea kwa unywele, nikiomba kwa sauti. Mmoja wenu alichungulia akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia akanawe mikono. Saa tisa alasiri mstari ukafika mwisho. Majibu yalilingana. Sikuusikiliza. Nilifunga kompyuta nikaenda nyumbani, kwa sababu kiitikio kile hakikuwa changu kukisikia kwanza.

Siku ya makabidhiano mlikuwapo, ila mlisimama nyuma karibu na keki, kwa hiyo hamkusikia yote. Bi Mgeni alikaa mbele ya kitabu cheusi, Zuhura pembeni yake. Nikaweka mezani kisanduku cha diski ya kompyuta chenye mafaili ya albamu sita, na ile CD ya tano yenyewe. Akaishika pembeni, kidole kwenye tundu. Akaigeuza.

"Hii imekaa juani."

Nikamwambia yote. Korido, boksi, Komba, Chamazi. Sikujitetea. Alinisikiliza bila kupepesa, na nilitamani anichape lile kofi la mkono.

"Kuku?" akauliza.

"Kuku, Bi Mgeni."

"Wametaga?"

"Komba anasema wametaga sana."

"Afadhali kuna aliyefaidika," akasema. "Weka."

Nikaweka wimbo wa sita. Jamani, sijui niwaelezeje. Matoazi hayakuwa samaki tena, yalikuwa matoazi. Kila gitaa lilikuwa na mahali pake pa kukaa. Bi Mgeni akainamisha sikio kulia, na kabla waitikiaji wengine hawajafungua midomo, kwa mbali, upande wa kulia, mwisho kabisa, mwanamke mmoja kijana akaingia peke yake.

Zuhura akaacha simu. "Bibi," akasema. "Huyo ni wewe. Hiyo ndiyo sauti unayotuitiaga chakula."

Bi Mgeni akamwinulia kidole anyamaze. Alisikiliza mpaka wimbo ukaisha, machozi yanashuka, hayafuti.

"Niliingia mapema," akasema. "Miaka yote nilijua niliingia mapema kidogo." Akavua miwani yote miwili, akaweka juu ya kitabu. "Lakini nimo."

Tukapitia mstari kwa mstari, yeye akisoma, mimi nikigusa na kusema "kipo". Tulipofika albamu ya tano, safu ya waimbaji, akaweka kidole kwenye ile nafasi wazi aliyoiacha kabla hata sijaoa. Kalamu ya kusaini ilikuwa mbele yake, lakini hakuichukua. Aliisukuma kwangu, maana mpaka nitakaposaini, mtunza maktaba nilikuwa bado mimi.

"Andika," akasema.

Nikanyanyuka nikaenda kunawa mikono kwanza, kisha nikarudi nikaandika jina lake.